Kesi ilianzia Mahakama ya Mwanzo na unataka kufika Mahakama ya Rufani? Namna ya kuomba cheti cha hoja ya kisheria

Swali linakuja lile lile kila mara. Mtu kashindwa Mahakama Kuu, ana hasira, karani kamwambia hawezi kwenda Mahakama ya Rufani mpaka apate kibali kwanza, sasa anauliza kibali gani, kinaombwa wapi, na je akienda tu hivyo hivyo itakuwaje. Nimeona niandike yote sehemu moja ili mtu akiuliza tena apewe hii asome. Ni kwa Tanzania Bara, na ni kesi za madai tu, jinai ina njia zake. Wa Kenya nyie mna sheria zenu, msichukue siku za hapa mkazipeleka kule.

KWANZA JUA KAMA UNAKIHITAJI

Hapa ndo pa kuanzia kwa sababu wengi wanahangaika na kibali ambacho hawakihitaji kabisa, na wengine wanakihitaji halafu wanaenda bila hicho na rufani inatupwa nje hata haijasikilizwa.

Zamani karibu kila kesi ya madai kutoka Mahakama Kuu kwenda Rufani ilitaka ruhusa ya kukata rufaa. Sheria Na. 11 ya 2023 ikaliondoa sharti hilo. Kwa hiyo kama kesi yako ya kawaida ya madai ilifunguliwa Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu yenyewe, ile ruhusa ya zamani usiiombe, unaenda moja kwa moja na notisi yako ya rufani (karatasi ya kusema unakata rufaa, iko hatua ya 2). Ukikutana na mwongozo wa 2019 au 2020 unaokwambia uombe ruhusa, umepitwa na wakati huo, na bado iko mingi inazunguka kwenye simu za watu.

Kilichobaki ni CHETI. Kesi ya madai iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo, ikapanda Wilaya, ikapanda Mahakama Kuu, sasa unataka ngazi ya nne, hapo Sheria ya Mamlaka ya Rufani, Sura 141, kifungu cha 5(2)(c) inasema lazima Mahakama Kuu ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria ndani yake. (Namba hiyo ni ya toleo la 2019. Toleo jipya la sheria zilizorekebishwa limepanga namba upya kwenye sheria nyingi, fungua uangalie kabla ya kuandika.) Mirathi ndo nyingi sana humu, halafu madeni, mikataba ya mdomo, ng'ombe, vitu kama hivyo.

Kesi za ardhi zilizoanzia Baraza la Kata nazo zinataka cheti, ila zenyewe kupitia kifungu cha 47 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura 216. Mabaraza ya kata yaliondolewa mamlaka ya kuamua kesi za ardhi mwaka 2021, yamebaki kusuluhisha tu, lakini kesi za zamani bado zinapanda ngazi na wenyewe wanauliza kila siku. Na kama ni kesi ya ndoa, talaka au mgawanyo wa mali za wanandoa, simama kidogo, Sheria ya Ndoa ina kifungu chake cha rufaa, muone wakili kabla hujafuata njia hii.

Mambo mawili ya haraka. Kama umeshindwa Wilaya tu na Mahakama Kuu hujafika bado, huhitaji cheti, unakata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 na petisheni yako unaipeleka pale pale Mahakama ya Wilaya iliyotoa hukumu. Na kama unachokilalamikia ni uamuzi mdogo wa katikati ambao haujaimaliza kesi, mfano jaji kakataa kuahirisha au kakataa kielelezo, huo haukatiwi rufaa mpaka kesi iishe.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Hukumu ya Mahakama Kuu na dikrii yake. Hukumu ina maelezo na sababu za jaji, dikrii ni karatasi fupi ya amri ya mwisho, ni karatasi mbili tofauti, omba zote.
- Hukumu za Wilaya na Mwanzo, hata fotokopi.
- Tarehe KAMILI hukumu ya Mahakama Kuu iliposomwa. Siyo siku uliyopewa nakala.
- Namba sahihi za kesi kwa ngazi zote tatu, na majina ya wadaawa (watu wa pande zote za kesi) kama yalivyo kwenye hukumu, herufi kwa herufi.
- Akaunti kwenye mfumo wa mahakama wa kusajili mashauri kwa mtandao, au mtu wa kukusaidia kuingiza, siku hizi nyaraka zinapita huko na ada unalipa kwa kontro namba.
- Kamishna wa Viapo (mwenye mamlaka ya kuapisha watu, mara nyingi ni wakili) wa kukuapisha.
- Anuani na namba ya simu ya mpinzani wako au wakili wake, utatakiwa kumpelekea nyaraka.

Wakili siyo lazima kisheria, unaweza kujisimamia. Ila nikwambie ukweli, kama una hela ya kumlipa wakili kwa kazi moja tu kwenye safari yote hii, mlipe aandike hoja za kisheria (hatua ya 4). Hela huna kabisa? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili hiyo, na mashirika kama LHRC, TAWLA na WLAC yanasaidia watu wasio na uwezo. Nenda mapema, siyo siku ya ishirini na nane kati ya zile 30 za hatua ya 1.

HATUA

1. Hesabu siku, leo.

Una siku 30 za kuweka notisi ya rufani tangu hukumu isomwe. Siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi. Mfano hukumu imesomwa tarehe 3 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 4, siku ya thelathini ni tarehe 2 Aprili. Ikiangukia Jumapili au sikukuu unasogea mpaka siku ya kazi inayofuata, lakini usipange maisha yako kwa kutegemea hiyo, mfumo unaweza kugoma, umeme unaweza kukatika, karani anaweza kurudisha nyaraka zako urekebishe.

Kosa kubwa kuliko yote liko hapa: mtu anakaa anasubiri nakala ya hukumu. Anaambiwa njoo wiki ijayo, anarudi wiki ijayo, anaambiwa bado inachapwa, anarudi tena, siku anayoipata anakuta zimeshapita 47 halafu anashangaa. Notisi haihitaji nakala ya hukumu. Unahitaji kujua tarehe, namba ya kesi na kwamba hujaridhika, basi.

2. Weka notisi ya rufani.

Hii ni karatasi fupi, ukurasa mmoja au mmoja na nusu, iko kwenye Fomu D ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009. Inaandikwa kwa kichwa cha Mahakama ya Rufani lakini inapelekwa kwa Msajili wa Mahakama Kuu, kwenye kituo kilichotoa hukumu. Ndani yake unasema nani anakata rufaa, dhidi ya hukumu ipi, ya jaji gani, ya tarehe ipi, kama unapinga yote au sehemu tu, anuani yako, na watu wa kupelekewa nakala.

Cheti hakitangulii notisi. Kanuni ya 83 inasema wazi huhitaji kuwa na cheti ndo uweke notisi, na kanuni ya 46 inataka ombi la cheti lije baada ya notisi. Kwa hiyo mpangilio ni notisi, halafu cheti. Ukigeuza, mpinzani mwenye wakili makini ataanzia hapo hapo.

Ukishasajili, ndani ya siku 14 mpelekee mpinzani nakala, na kila mtu anayeguswa moja kwa moja na rufani hiyo. Kwenye mirathi hapa watu wanakosea sana maana wanampelekea msimamizi tu wakati kuna warithi wengine walikuwa wadaawa kwenye kesi. Asaini kwamba kapokea, aandike tarehe, wewe tunza nakala iliyosainiwa kama unavyotunza hati ya kiwanja.

3. Siku hiyo hiyo andika barua ya kuomba mwenendo.

Barua kwa Msajili au Naibu Msajili, unaomba nakala ya mwenendo wa shauri (kumbukumbu za yote yaliyosemwa na kufanyika mahakamani), hukumu na dikrii kwa ajili ya rufani. Barua hii ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Rufani yenyewe inatakiwa ifunguliwe ndani ya siku 60 tangu uweke notisi, na siku 60 huwa hazitoshi maana mwenendo unachelewa kuchapwa. Kama barua yako iliandikwa ndani ya siku 30 tangu hukumu NA mpinzani alipewa nakala yake, Msajili anaweza kukupa cheti cha ucheleweshaji, kwamba siku kadhaa zilitumika kuandaa nyaraka, na siku hizo hazihesabiwi. Barua bila kumpa mpinzani nakala haikupi faida hiyo. Nimeona watu wana barua nzuri kabisa, ina muhuri wa kupokelewa na kila kitu, halafu hawakumpa mpinzani nakala, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia.

Na usikae kusubiri simu. Kanuni ya 90 ilivyorekebishwa 2019 inasema Msajili ahakikishe nakala ziko tayari ndani ya siku 90 tangu uombe, na wewe mrufani uende kuzichukua ukijulishwa, au ndani ya siku 14 baada ya zile 90 kuisha. Yaani hata usipoitwa, nenda. Ukienda, andika barua ya kukumbushia, ipigwe muhuri, ukae na nakala yako.

4. Tengeneza hoja yako ya kisheria. Hapa ndo kazi yenyewe.

Soma hii taratibu. Jaji anayesikiliza ombi la cheti HAAMUI kama ulionewa. Anaangalia kitu kimoja, kama ndani ya hukumu ile kuna swali la sheria ambalo linastahili kuangaliwa na majaji wa Rufani. Unaweza ukawa umeonewa kweli kweli na bado ukakosa cheti, kwa sababu kuonewa kwako kumekaa kwenye ushahidi na siyo kwenye sheria.

Haya hayapiti:

"Mahakama haikuzingatia ushahidi wangu." "Mashahidi wao walidanganya." "Jaji aliwaamini wao akaniacha mimi." "Shamba lile ni la babu yetu na kijiji kizima kinajua." Yote hayo ni mambo ya ukweli, na mahakama tatu zimeshayaangalia.

Haya yana uhai:

"Je, Mahakama ya Mwanzo ilikuwa na mamlaka ya kusikiliza mirathi ya marehemu ambaye maisha yake hayakufuata sheria za kimila wala za Kiislamu?" Hii ni ya kawaida sana kwenye mirathi. Mamlaka ya Mahakama ya Mwanzo kwenye mirathi ni pale inapotumika sheria ya kimila au ya Kiislamu, kwa hiyo marehemu aliyefunga ndoa kanisani na kuishi maisha ya Kikristo mwanzo mwisho, halafu mirathi ikafunguliwa Mwanzo, hapo kuna swali la mamlaka, na mamlaka ni sheria tupu.

"Je, ilikuwa sahihi kisheria kwa Mahakama Kuu kuiamua rufaa kwa hoja iliyoiibua yenyewe wakati wa kuandika hukumu bila kuwapa wadaawa nafasi ya kusikilizwa?" Kama ndivyo ilivyotokea kwako, hii ni hoja nzuri sana. Haki ya kusikilizwa haina mjadala mrefu.

"Je, Mahakama ya Wilaya ilikuwa sahihi kupokea ushahidi mpya kwenye rufaa bila kuandika sababu?"

"Je, madai yaliyofunguliwa nje ya ukomo wa muda yanaweza kusikilizwa bila muda kuongezwa kwanza?"

Unaona tofauti? Swali la sheria unaweza kulisoma bila majina ya watu na bado likaeleweka, na jibu lake litamsaidia hata mtu mwingine mwenye kesi kama yako. Ukitoa majina na swali likafa, basi lilikuwa la ukweli, siyo la sheria. Mimi natumia kipimo hicho na mara nyingi hakinidanganyi. Kuna sehemu ya katikati pia: kama mahakama ilifikia uamuzi pasipo ushahidi wowote kabisa, au ilielewa ushahidi kinyume kabisa na ulivyo, hilo linaweza kuvishwa vazi la sheria, lakini lazima uonyeshe mstari wa mwenendo, siyo kulalamika kwa ujumla.

Hoja ziwe moja, mbili, zikizidi tatu. Mtu anayeleta hoja kumi na moja anamwambia jaji kwamba hana hata moja. Tena Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba jaji wa Mahakama Kuu asibebe tu kila alichoandikiwa, achambue mwenyewe, kwa hiyo hata ukipitishiwa hoja mbovu itakufia kule juu. Na hoja iwe imetoka kwenye kesi yako kweli, isiwe kitu ambacho hakikuguswa popote. Mamlaka ya mahakama ndo inaweza kuibuliwa wakati wowote.

Ili upate mfano ingia TanzLII, tovuti ya maamuzi ya mahakama za Tanzania, ni bure, tafuta maneno "certificate on point of law", utakuta maamuzi ya waliopewa na waliokataliwa. Mengi ni ya Kiingereza hata baada ya sheria ya 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hilo nalo ni tatizo kwa mwananchi wa kawaida ila ndo hali ilivyo, tafuta mtu akusomee. Soma waliokataliwa kwanza. Wanafundisha zaidi.

5. Andika maombi na kiapo.

Ombi linapelekwa Mahakama Kuu kwa chamba samansi (karatasi ya maombi inayomwita mpinzani mbele ya jaji) ikiungwa mkono na hati ya kiapo chako, wengine wanaita afidaviti. Kwenye chamba samansi unataja kifungu cha sheria unachotumia na unachoomba: mahakama ithibitishe kwamba kuna hoja za kisheria, halafu unaziorodhesha.

Kiapo kinaeleza matukio tu. Kesi ilianza lini, nani alishinda Mwanzo, Wilaya ikasemaje, Mahakama Kuu ikasemaje tarehe gani, notisi uliweka lini, hoja unazoona zinastahili ni zipi. Usihubiri ndani ya kiapo, usibishane sheria, usiombe kitu. Hoja za kubishania zina siku yake. Ambatisha hukumu, dikrii na notisi iliyogongwa muhuri.

Mwisho wa kiapo ndo panapoua watu. Pawe na uthibitisho kwamba yaliyomo ni kweli kwa ufahamu wako, na sehemu ya kuapa yenye mahali, tarehe, jina na saini ya Kamishna wa Viapo. Tarehe ikikosekana mpinzani anaweka pingamizi na kiapo kinaweza kutupwa, kikitupwa kiapo maombi yote yameanguka. Na usiapishwe na wakili yule yule aliyekuandalia, ana maslahi kwenye kesi, nenda kwa mwingine ofisi ya jirani.

6. Sajili ndani ya siku 30 zile zile.

Utasikia watu wanabishana kuhusu muda wa ombi la cheti, huyu anasema hivi yule vile. Wewe usiingie kwenye huo mjadala. Notisi, barua na ombi la cheti vyote viwe vimeingia ndani ya siku 30 tangu hukumu, hapo hakuna wa kukusumbua. Ukipata kontro namba lipa siku hiyo hiyo, kuna watu wanaingiza nyaraka halafu wanalipa baada ya wiki wakidhani wameshasajili.

7. Mpelekee mpinzani, jiandae kusikilizwa.

Atajibu kwa kiapo kinzani. Jaji ataamua kama mtaongea mbele yake au mtaandika sabmisheni (hoja zenu kwa maandishi). Ukiambiwa kuandika, ile ratiba ni amri, ukishindwa kuleta sabmisheni tarehe uliyopangiwa inahesabika kama hukuja mahakamani. Ukiwa mbele ya jaji sema hoja yako, onyesha ukurasa wa hukumu ilipo, nyamaza. Usianze kusimulia kesi tangu mwaka ulionunua ng'ombe, atakukatisha na utapoteza mstari.

8. Ukipewa cheti, soma kilichoandikwa.

Huenda uliomba hoja tatu kapitisha moja. Basi rufani yako ni hiyo moja, sababu za rufani nazo ziandikwe kuizunguka hiyo, usirudishe zile mbili kwa mlango wa nyuma, majaji watatu wa Rufani hawatazigusa. Omba nakala ya uamuzi na amri yake mara moja, kwa sababu cheti lazima kiwemo ndani ya kumbukumbu za rufani (kitabu cha nyaraka unachofungulia rufani) pamoja na nyaraka za ngazi ZOTE za chini: Mwanzo, Wilaya, Mahakama Kuu. Karatasi moja ya Mahakama ya Mwanzo ikikosekana ni shida, na majalada ya Mwanzo ndo yenye tabia ya kupotea, anza kuyafuatilia sasa hivi.

ONYO KUBWA MBILI

Notisi ya rufani haizuii kukaza hukumu, yaani kuitekeleza. Ombi la cheti pia halizuii. Dalali wa mahakama anaweza kuja wakati wewe unasubiri tarehe ya kusikilizwa, na hatakuwa amekosea. Ukipata notisi ya kukaza hukumu, au ukijua kwa njia yoyote kwamba utekelezaji umeanza, una siku 14 za kuomba zuio Mahakama ya Rufani chini ya kanuni ya 11, ukiambatisha notisi ya rufani, hukumu, dikrii na hiyo notisi ya kukaza. Utatakiwa kuonyesha hasara kubwa utakayopata na kuwa tayari kuweka dhamana. Siku 14 ni chache sana, ukiona karatasi usiiweke kabatini.

La pili, siku 60 za kufungua rufani hazisimami eti kwa sababu ombi la cheti liko kwa jaji. Kinachotolewa kwenye hesabu ni muda wa kuandaa nakala ulizoomba kwa barua. Ukiona ombi la cheti linavuta na siku zinakimbia, jiandae kuomba kuongezewa muda Mahakama ya Rufani chini ya kanuni ya 10, na weka kumbukumbu ya kila tarehe uliyoitwa na sababu ya kuahirishwa. Ukipitisha muda bila kufanya kitu notisi inahesabika umeiondoa mwenyewe, au mpinzani anaomba ifutwe.

UKIKWAMA

Siku 30 zimeshapita. Unaweza kuomba Mahakama Kuu ikuongezee muda wa kuweka notisi na wa kuomba cheti, Sura 141 kifungu cha 11 (namba za toleo la 2019 hapo pia), hata kama muda umeisha. Vigezo vinavyotajwa kila siku vinatoka kesi ya Lyamuya Construction ya Mahakama ya Rufani: ueleze siku zote ulizochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupitiliza, uonyeshe bidii siyo uzembe, au kuwe na sababu nyingine nzito kama uharamu kwenye hukumu yenyewe unaoonekana wazi bila kuchimba. Siku ZOTE maana yake ni zote. Ulilazwa tarehe 5 mpaka 19, leta karatasi ya hospitali, je tarehe 20 mpaka 31 ulikuwa wapi? Jaji atauliza hiyo. "Mimi ni mlei wa sheria" peke yake haitoshi, wala "wakili wangu alizembea".

Maombi yametupwa kwa kasoro ya karatasi. Kama yameondolewa tu kwa kasoro na siyo kukataliwa baada ya kusikilizwa, unaweza kurekebisha na kurudi, ila angalia muda, ukiwa umepita unaanza na kuongezewa muda kwanza. Tangu marekebisho ya 2018 mahakama zinatakiwa ziangalie haki zaidi kuliko ufundi, lakini kanuni hiyo haifufui ombi lisilo na kiapo halali wala rufani isiyo na cheti.

Mpinzani hapatikani au anakataa kusaini. Usirudi nyumbani ukakaa. Mpe mpeleka nyaraka wa mahakama, aende, ikishindikana aape kiapo cha kueleza alienda lini na ilikuwaje, halafu omba mahakama njia mbadala ya kumfikishia.

Jina limekosewa kwenye hukumu. Notisi yako ifuate hukumu ilivyo, halafu kaombe marekebisho ya hukumu kwa mahakama iliyoitoa. Ukijirekebishia mwenyewe kwenye notisi utaonekana unakata rufaa kwa kesi nyingine.

Umekataliwa cheti baada ya kusikilizwa. Hapa ni pagumu. Mamlaka ya kutoa cheti hiki ni ya Mahakama Kuu, kwa hiyo huwezi kwenda na ombi jipya la cheti kule Rufani kama ilivyokuwa kwenye ile ruhusa ya zamani ambapo ukikataliwa chini ulijaribu juu. Kuna wanaokwenda kwa njia ya mapitio (kuiomba Mahakama ya Rufani ikague uamuzi wa Mahakama Kuu), kwa hoja kwamba njia ya rufaa imefungwa na mahakama yenyewe, lakini huo ni mlango mwembamba na una sharti zake, usiuingie bila wakili aliyewahi kufanya kazi Mahakama ya Rufani. Mpelekee uamuzi wa kukataliwa pamoja na hukumu zote tatu, muulize kwanza kama kuna kesi hapo, na akikwambia hakuna, muulize inagharimu kiasi gani kumaliza kwa makubaliano na mpinzani kabla dalali hajapiga hodi.